Mmea Hukua Wapi? Tishu za Mimea na Manufaa ya Kuzifahamu kwa Mkulima wa Dumila

Kata ya Dumila ipo katika njia panda. Barabara Kuu ya Morogoro hadi Dodoma hupita katikati yake, na hapohapo huchepuka barabara iendayo Rudewa na Kilosa mjini. Msafiri anayesimama hupokewa na matenga ya nyanya, mahindi ya kuchoma, mboga na matunda ya msimu. Wakazi wengi wa kata hii, wawe wakulima, wachuuzi, wapakiaji au mama lishe, hutegemea mmea kwa namna moja au nyingine.

Hata hivyo, hakuna msimu unaopita bila swali gumu kuulizwa shambani. Mahindi yameota vizuri, kisha yakaliwa na mifugo usiku mmoja, au yakafunikwa na maji ya mto, au yakatobolewa na viwavi. Je, mkulima asubiri yachipue tena, au alime upya na kununua mbegu nyingine? Akikosea kwa kusubiri, mvua zitampita. Akikosea kwa kung'oa, atakuwa ameharibu kwa mkono wake mazao ambayo yangepona.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama majani yaliyoraruka. Linapatikana kwa kufahamu mmea umeundwa kwa tishu zipi, na ni wapi hasa katika mwili wake ukuaji unafanyika. Makala haya yanaeleza mambo hayo, na namna mwananchi anavyoweza kuyatumia katika mahindi, nyanya, miti ya matunda na hifadhi ya kingo za mito.

Tishu ni nini?

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1665, mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alitazama kipande chembamba cha gome la mti kwa hadubini akaona vyumba vidogo vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Ndiye aliyevipa vyumba hivyo jina la seli.

Seli hazifanyi kazi ovyo. Zile zinazofanana na kushirikiana katika kazi moja hukaa pamoja, na kundi hilo ndilo huitwa tishu. Kama binadamu alivyo na ngozi, misuli na mishipa ya damu, ndivyo mmea nao ulivyo na tishu za kufunika, za kuhifadhi chakula, za kuimarisha mwili na za kusafirisha maji na chakula. Mwaka 1858, Karl Nägeli, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, aliyapa makundi makuu ya tishu hizo majina yanayotumika hadi leo katika shule zetu: meristemu, zailemu na floemu.

Kwa ujumla tishu za mimea zimegawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni tishu changa, ziitwazo meristemu, ambazo kazi yake ni kugawanyika na kuzaa seli mpya. Fungu la pili ni tishu komavu, ambazo zimekwisha kuacha kugawanyika na kushika kazi maalumu. Tofauti ya mafungu hayo mawili ndiyo inayoamua kama mmea uliojeruhiwa utapona au utakufa.

Mmea haukui kila mahali

Mtoto anapokua, mwili wake wote huongezeka: miguu, mikono, kifua na kichwa. Mmea haukui hivyo. Hukua mahali palepale penye meristemu tu, na mahali hapo ni pachache.

Kwanza, mmea hukua kwenye ncha. Ncha ya shina na ncha ya kila mzizi ina meristemu inayorefusha mmea. Pili, mimea mingi yenye shina la mti hukua ubavuni, kwa sababu chini ya gome kuna tabaka jembamba liitwalo kambiamu, ambalo hunenepesha shina mwaka hadi mwaka. Tatu, nyasi na jamaa zake, wakiwemo mahindi, mpunga, mtama na miwa, zina meristemu za ziada kwenye misingi ya majani na juu kidogo ya kila kifundo cha shina.

Wapo wanaoamini kwamba msumari uliopigwa kwenye mwembe mchanga utapanda juu kadiri mti unavyorefuka. Sivyo. Msumari uliopigwa mita moja kutoka ardhini utabaki mita moja kutoka ardhini hata baada ya miaka 30, kwa kuwa sehemu hiyo ya shina imekwisha kuacha kurefuka. Kitakachotokea ni shina kunenepa na kuumeza msumari. Wapasuaji wa mbao wanalijua hilo vizuri, maana misumari na nyaya zilizomezwa hivyo ndizo huvunja meno ya misumeno.

Tabia hii ya nyasi ya kukua kutoka chini inaeleza pia kwa nini malisho hustahimili kuliwa. Ng'ombe hukata ncha ya jani, ilhali sehemu inayolizalisha jani ipo chini, karibu na udongo. Baada ya siku chache jani husukumwa juu tena. Lakini malisho yakiliwa mfululizo hadi chini kabisa, meristemu nazo huliwa au hukanyagwa, na eneo hubaki tupu. Ndiyo maana wafugaji hushauriwa kupumzisha sehemu ya malisho kwa zamu.

Mahindi: ncha iliyofichwa udongoni

Mhindi ni nyasi, na hapo ndipo penye faraja kwa mkulima. Mbegu inapoota, majani hujitokeza juu, lakini ncha ya kukua hubaki chini ya uso wa udongo. Hubaki huko hadi mmea unapofikisha majani matano hivi yaliyokunjuka kikamilifu. Kuanzia jani la sita, shina huanza kurefuka na ncha hupanda juu ya ardhi.

Maana yake ni kwamba mahindi yaliyoliwa na mbuzi au kupigwa na mvua ya mawe yakiwa na majani matatu au manne yana nafasi nzuri ya kuchipua, hata kama shamba linaonekana limefyekwa. Mahindi yaliyokatwa yakiwa yamefika kiunoni hayana nafasi hiyo, kwa sababu ncha yake imekwenda na kilichokatwa.

Kabla ya kuamua, mkulima anaweza kupima mwenyewe. Angoe miche michache kutoka pembe mbalimbali za shamba, aipasue katikati kwa kisu kutoka juu hadi kwenye mizizi, na kuitazama ncha. Ncha iliyo hai ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, tena ni ngumu. Iliyokufa ni ya kahawia, imelainika na pengine inanuka. Ni vema kusubiri siku 3 hadi 5 tangu madhara yatokee, ili jani jipya lipate muda wa kujitokeza. Kipimo hicho hufaa pia baada ya mafuriko. Ncha iliyo chini ya udongo hukosa hewa maji yanapotuama juu yake, na joto likiwa kali, siku chache za kuzama hutosha kuiua.

Kinga hii haipo kwa kila zao. Kunde, maharage na alizeti huinua ncha yake juu ya ardhi tangu siku ya kuota. Mche wa kunde uliokatwa juu ya yale majani mawili mazito ya mbegu waweza kuchipua kwapani mwa majani hayo. Uliokatwa chini yake hauna tena pa kuchipulia, na kuusubiri ni kupoteza muda.

Pale madhara yanapotokana na mifugo, mwenye shamba anashauriwa kutoa taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Ugani kabla ya kung'oa au kulima upya, ili tathmini ifanyike mimea ikiwa bado shambani. Tathmini inayozingatia umri wa mmea na hali ya ncha yake humtendea haki mkulima aliyepoteza zao, na humtendea haki mfugaji pia, kwa kuwa zao litakalopona halihesabiwi kuwa limepotea lote.

Moyo wa mhindi na mbolea ya kukuzia

Tangu mwaka 2017, viwavijeshi vamizi wamekuwa adui mkubwa wa mahindi nchini Tanzania. Kiwavi huyu hupenda kujificha ndani ya moyo wa mhindi, yaani lile faneli la majani machanga katikati ya mmea. Akila majani pekee, mmea huweza kustahimili. Akichimba hadi kwenye ncha ya kukua, moyo hunyauka na shina hilo halitatoa mbelewele wala kuendelea kurefuka. Kwa hiyo ukaguzi unapaswa kuanza wiki za mwanzo tu baada ya kuota, na kiuatilifu, pale kinapohitajika, kielekezwe ndani ya moyo, asubuhi mapema au jioni, wakati viwavi wanapokuwa karibu na juu.

Ncha hiyo ndogo inabeba siri nyingine. Mhindi unapofika urefu wa goti, ncha yake imekwisha kuunda majani yote ambayo mmea utakuwa nayo maishani, na imeanza kuunda mbelewele. Vichipukizi vitakavyokuwa magunzi navyo vimekwisha kuwekwa kwapani mwa majani. Zaidi ya hayo, mhindi hauna kambiamu, hivyo shina lililodumaa mapema haliwezi kunenepa baadaye.

Hiyo ndiyo sababu Maafisa Ugani husisitiza mbolea ya kukuzia iwekwe mahindi yanapokaribia urefu wa goti, palizi ikiwa imekwisha kufanyika na udongo ukiwa na unyevu. Mbolea inayowekwa mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele hukuta mpango wa mavuno umekwisha kupangwa. Fedha ni ileile, mfuko ni uleule, lakini faida imepungua.

Ngozi, nyama na mifupa ya mmea

Tishu komavu nazo zina makundi yake. Ya kwanza ni tishu ya kufunika, iitwayo epidemisi, ambayo ni ngozi ya mmea. Juu yake huwa na nta nyembamba izuiayo maji kupotea. Katika ngozi ya majani kuna vitundu vidogo sana viitwavyo stomata, vinavyofunguka na kufunga. Kupitia vitundu hivyo mmea huvuta hewa ya kaboni dayoksaidi ili kujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, na papo hapo hupoteza maji. Mchana wa joto kali, stomata hufunga ili kuokoa maji. Kwa hiyo mboga zinazoonekana kulegea saa saba mchana na kusimama tena jioni si lazima ziwe zinaumwa. Zilizolegea tangu alfajiri ndizo za kutiliwa shaka.

Kundi la pili ni parenkaima, ambayo yaweza kuitwa nyama ya mmea. Ni tishu laini inayotengeneza chakula katika majani na kuhifadhi chakula katika mizizi na matunda. Unga wa muhogo, nyama ya embe na ute wa nyanya vyote ni kazi ya parenkaima.

Kundi la tatu huimarisha mwili. Kolenkaima hushikilia sehemu changa zinazohitaji kupinda bila kuvunjika, kama vikonyo vya majani. Sklerenkaima ni ngumu zaidi, na seli zake hufanya kazi zikiwa zimekwisha kufa na kubaki kuta nene tu. Wakazi wa Wilaya ya Kilosa wanaifahamu tishu hii kwa jina jingine: katani. Nyuzi zinazotolewa katika majani ya mkonge, zao lililoenea tangu zamani katika maeneo ya Kimamba na Rudewa, ni mafungu ya sklerenkaima yaliyotenganishwa na nyama laini ya jani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Dkt. Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, Marekani, iliyosalimika ni 62 tu. Mashamba makubwa yaliyofuata yalitokana na meristemu za miche hiyo michache, kwa kuwa mkonge huzaa vichipukizi bila kuhitaji mbegu.

Mabomba mawili ndani ya shina

Mmea una njia mbili za kusafirisha. Zailemu hupandisha maji na madini kutoka mizizini hadi majani. Floemu hubeba sukari iliyotengenezwa majani na kuipeleka kokote inakohitajika, iwe kwenye matunda, ncha zinazokua au mizizi. Magonjwa na hasara kadhaa za nyanya huanzia katika njia hizo.

Mnyauko bakteria ni mfano mmoja. Vimelea vyake huishi udongoni, huingia kupitia majeraha ya mizizi na kuzaliana ndani ya zailemu hadi kuiziba. Mnyanya hunyauka ukiwa bado wa kijani, wakati udongo una maji ya kutosha. Mkulima anayemwagilia zaidi hapo hausaidii mmea, bali hueneza ugonjwa.

Ugonjwa huo hupimwa kwa njia rahisi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kiwe na urefu wa kidole, kisha kining'inize ndani ya glasi ya maji safi pasipo kukitikisa. Ikiwa baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka sehemu iliyokatwa, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kuponya mmea ulioambukizwa. Ung'olewe pamoja na mizizi na kuchomwa moto, vifaa vioshwe, na maji ya mfereji yasipitishwe kutoka eneo hilo kwenda kwa jirani. Msimu unaofuata, eneo hilo lisipandwe nyanya wala jamaa zake kama bilinganya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo. Mahindi yanafaa kwa mzunguko huo.

Mfano wa pili ni nyanya kuoza kitako, ambako tunda huwa na doa jeusi lililodidimia upande wa chini. Wengi hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza na hununua dawa za ukungu. Kwa kweli ni upungufu wa madini ya kalisi katika tunda. Kalisi husafiri ndani ya zailemu pamoja na maji. Shamba likikauka siku kadhaa kisha likajazwa maji kwa ghafla, kalisi haifiki kwenye tunda kwa kiwango sawa. Tiba ya kwanza ni kumwagilia kwa ratiba isiyoyumba na kutandaza nyasi kavu ili kuhifadhi unyevu, kabla ya kufikiria kununua dawa yoyote.

Jambo la tatu ni upogoaji. Ncha ya shina hutoa homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuzuia vichipukizi vya pembeni visikue. Ncha ikikatwa, vichipukizi hivyo huamka. Nyanya za aina ndefu, zinazofungwa kwenye miti, huondolewa machipukizi ya kwapani ili sukari ya floemu iende kwenye matunda. Nyanya za aina fupi hazihitaji kufanyiwa hivyo, kwa kuwa ncha zake huishia kwenye maua, na kila chipukizi linaloondolewa ni mavuno yanayotupwa.

Kambiamu na uhai wa mti

Katika miti, floemu ipo upande wa ndani wa gome na zailemu ndiyo mbao yenyewe. Kati yake kuna kambiamu, tabaka jembamba na teketeke, linalozaa zailemu upande wa ndani na floemu upande wa nje. Katika miti kama msaji, unaopandwa kwa wingi katika shamba la miti la Mtibwa mkoani Morogoro, zailemu ya majira ya mvua na ile ya kiangazi hutofautiana kiasi cha kuacha pete zinazoonekana, na kwa kuzihesabu mtu huweza kukadiria umri wa mti.

Kufahamu mpangilio huu kunaeleza kwa nini mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, japokuwa majani yake hubaki mabichi kwa muda. Maji yanaendelea kupanda kupitia mbao, lakini sukari haiwezi kushuka tena. Mizizi hufa kwa njaa, na mti hufuata. Wanaochukua magome kwa ajili ya dawa wanakumbushwa kuchukua kipande chembamba cha wima upande mmoja tu, na kuuacha mti upone kabla ya kurudi tena. Pale majani au matawi madogo yanapotosha kwa dawa hiyo, ni heri kuyatumia hayo. Kamba za kufungia mifugo na nyaya za uzio zinazoachwa zikauma shina nazo huleta madhara hayohayo polepole.

Kambiamu ndiyo pia siri ya kubebesha miche ya matunda. Kikonyo cha mwembe bora huunganishwa na mche ulioota kutokana na kokwa, kwa namna ambayo kambiamu za pande zote mbili zinagusana, kisha sehemu hiyo hufungwa kwa nailoni ili isikauke. Seli mpya huziba pengo, zailemu na floemu huungana, na mti mmoja hupatikana kutokana na miwili. Zikipishana kambiamu, kikonyo hukauka hata kama kamba imefungwa vizuri. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa mapema kuliko wa mbegu, na matunda yake hufanana na ya mti uliotoa kikonyo. Mnunuzi wa miche anashauriwa kukagua kovu la maungio: liwe limeziba pande zote, na chipukizi lolote linaloota chini yake liondolewe, maana hilo ni la mti wa shina na si la embe alilolilipia.

Mnazi na mgomba haziwezi kubebeshwa, kwa kuwa hazina kambiamu. Mnazi uliokatwa kilele hufa, maana hauna ncha nyingine ya kukulia. Mgomba huokolewa na ukweli kwamba shina lake la kweli limo udongoni. Kile kinachoonekana kuwa shina ni misingi ya majani iliyokumbatiana. Kutokana na ncha hiyo ya udongoni, wataalamu huweza kukuza maabarani miche mingi isiyo na magonjwa, inayojulikana kama miche ya chupa.

Mizizi na kingo za mito

Mzizi hurefuka kwenye ncha yake tu, ambayo imevikwa kofia ya seli zinazolika na kuzalishwa upya kadiri mzizi unavyojisukuma katikati ya chembe za udongo. Nyuma kidogo ya ncha kuna vinyweleo vinavyofyonza maji. Vinyweleo hivyo ni laini mno, na ndivyo vinavyokatika mche unapong'olewa kwa kuvutwa. Kwa sababu hiyo, kitalu cha nyanya hunyweshwa maji kabla ya kuhamisha, na miche huinuliwa pamoja na udongo wake. Vilevile, palizi ya jembe linalozama sana karibu na shina hukata mizizi ambayo mmea umeijenga kwa wiki kadhaa.

Mizizi hiyohiyo, ikiungana kwa maelfu, ndiyo inayoshika udongo wa kingo. Mwezi Januari 2014 mafuriko yalikumba Dumila na vijiji vya jirani vya Magole, yakaharibu makazi na mashamba na kukata mawasiliano ya barabara kuu. Mvua kubwa haizuiliwi na mti, lakini ukingo wenye mizizi iliyosukana hubomoka polepole zaidi kuliko ukingo uliolimwa hadi majini, na mchanga unaojaza mkondo wa mto huwa mdogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo ndizo uwanja wa mizizi. Ukanda huo ukiachiwa uoto wake wa asili, matete na nyasi hujirudisha vyenyewe kwa meristemu zilizobaki udongoni, bila gharama yoyote.

Huduma zinazopatikana kwa mwananchi

Afisa Ugani wa kata au kijiji yupo kwa ajili ya kumsaidia mkulima kutambua magonjwa, kufanya tathmini ya madhara shambani na kushauri mbegu zinazofaa. Mwananchi anayetaka kumwona aanzie katika ofisi ya kijiji chake au ofisi ya Mtendaji wa Kata. Ni vizuri kufika na sampuli: mmea mzima uliong'olewa pamoja na mizizi na udongo kidogo, ukiwa ndani ya mfuko, na si jani moja tu. Magonjwa mengi yaliyoelezwa hapa hayaonekani kwenye jani. Yanaonekana shina linapopasuliwa.

Wilaya ya Kilosa ina bahati ya kuwa na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Ilonga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro mjini. Masuala yanayohitaji uchunguzi wa kitaalamu zaidi huweza kupelekwa huko kupitia idara ya kilimo ya Halmashauri.

Wanaopanda miti shuleni, majumbani na katika maeneo ya umma wanakumbushwa kuilinda ncha ya mche katika miaka yake ya mwanzo. Mche ulioliwa ncha na mbuzi mara tatu utaishi, lakini utakuwa kichaka badala ya mti wa kivuli au mbao. Uzio wa miiba unaozunguka mche mmoja hugharimu kazi ya nusu saa, na ndio unaoamua kama mche uliogawiwa utakuwa mti.

Masika yajayo, shamba lolote likipata madhara, hatua ya kwanza iwe kuchukua kisu, kupasua miche michache na kuitazama ncha. Iliyo nyeupe na ngumu ipewe siku chache ijitokeze. Iliyooza isimpotezee mkulima mvua zilizobaki.